Somo la Afya: Pumba kwa Nguruwe, Sembe Kwetu

Leo tunazungumza juu ya chakula. Tunajua wengine watasema, "Ah, chakula tena!" Wazee waliosoma kisomo miaka ya 1970 wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai iliyofuata mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi na redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Maadui wa wakati ule walikuwa malaria, kuhara, kichocho na minyoo. Maadui hao bado wapo, wala tusijidanganye. Lakini sasa wamekuja wengine ambao hawaletwi na mbu wala na maji machafu. Hawa huingia nyumbani mchana kweupe, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowapakulia sahani.

Mama wa darasa letu

Katika kijiji kimoja cha tambarare, chini ya mlima Kilimanjaro, tuna darasa la watu wazima linalokutana Jumanne na Alhamisi mchana. Mama mmoja, hodari wa hesabu kuliko wote, hakuonekana kwa wiki tatu. Tulidhani ni kazi za shamba. Aliporudi alikaa nyuma kabisa, hakutoa daftari.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa amekatwa mguu chini ya goti. Alikanyaga msumari asisikie maumivu. Kidonda kikaingia ndani, kikanuka, na walipofika hospitali waliambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mzee ana kisukari cha siku nyingi, na kwamba mguu hauponi tena. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu bila kutibiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Mtu hukanyaga moto asijue.

Mama yule akatuuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, mimi nilimpikia vizuri. Asubuhi mkate mweupe na chai ya maziwa, sukari vijiko vinne. Mchana wali. Jioni ugali wa sembe, mweupe pee, na nyama. Soda hakukosa. Majirani walikuwa wananisifu kwamba najua kutunza mume. Sasa niambieni, mimi ndiye niliyemla mguu?"

Darasa lilinyamaza. Nasi tulinyamaza. Hatukuwa na jibu siku ile, na ndiyo maana tuliandaa somo hili.

Kwanza tuseme waziwazi: hapana, mama yule si mkosaji. Hakuna daktari anayeweza kusema kisukari cha mtu mmoja kimetokana na sahani hii au ile. Kuna kurithi, kuna uzito, kuna kukaa kwenye kiti cha lori miaka 30 bila kutembea, kuna umri. Lakini chakula kimo, na chakula ni kitu ambacho tunaweza kukibadili kesho asubuhi. Ukoo hatuwezi kuubadili.

Ni magonjwa gani haya?

Ni kisukari, shinikizo la damu ambalo wengi tunaliita presha, magonjwa ya moyo, kiharusi, na baadhi ya saratani. Yanaitwa magonjwa yasiyoambukiza kwa sababu huyapati kwa kukaa na mgonjwa au kunywa kikombe kimoja naye. Mengi yakishaingia hayatoki. Mtu huishi nayo kwa dawa na kwa uangalifu.

Zamani tuliambiwa ni magonjwa ya matajiri na ya mjini. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la damu, na karibu watu 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Hesabu darasa lenu. Kama mpo 24, basi 6 huenda wana presha, na huenda wengine hawajui, maana presha haipigi hodi.

Baada ya siku ile tulimwomba mganga wa zahanati aje darasani na kipimo. Wanakisomo wakapanga mstari, na sisi walimu tukaona aibu kukaa pembeni, tukanyoosha mikono. Mmoja wetu, ambaye hajafika hata miaka 40 na ambaye hujisifu kwa afya, alikutwa na 150 kwa 95. Alisema kipimo kibovu. Akapimwa tena, ikawa vilevile. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akienda semina, na kila semina saa nne ni soda na sambusa, saa saba ni wali na kuku wa kukaanga, saa kumi ni soda tena. Ukikataa unaonekana una maringo. Basi msidhani tunawafundisha kutoka juu ya mti. Nasi tumo shambani humo humo.

Twendeni mashineni

Chukua punje moja ya hindi uikate. Utaona sehemu tatu. Nje kuna ganda gumu. Ndani, upande wa chini, kuna kiini, ndicho kinachoota ukipanda. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Kiini kina mafuta mazuri, vitamini na madini. Wanga hutupa nguvu.

Sasa tunafanyaje? Tunabeba debe la mahindi kichwani hadi mashineni. Tunalipa mara ya kwanza ili yakobolewe. Ganda linatoka, kiini karibu chote kinatoka. Tunalipa mara ya pili ili yasagwe. Tunarudi nyumbani na sembe nyeupe. Na ile pumba? Ama tunamwachia mwenye mashine, ama tunaichukua tukawape nguruwe, kuku na ng'ombe. Mzee mmoja wa darasa letu, mfugaji, alicheka mpaka akafuta machozi: "Kumbe ndiyo maana nguruwe wangu wana afya kuliko mimi!"

Alitania, lakini alisema kweli kubwa. Tunalipa fedha mara mbili ili tupate chakula pungufu.

Nyuzinyuzi zina kazi gani, na tumbo letu haliwezi kuzisaga? Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa sababu hazisagiki, watu hudhani ni takataka. Fikirini moto wa jikoni. Ukitia nyasi kavu, moto unapanda ghafla mpaka unaunguza nyusi, kisha unazimika, na wewe unatafuta nyasi nyingine. Ukitia gogo, moto unakwenda taratibu na maji yanachemka. Mkate mweupe, sembe na soda ni nyasi kavu. Sukari yake huingia katika damu kwa haraka. Kiungo kimoja kinachoitwa kongosho, kilicho nyuma ya tumbo, hulazimika kutoa insulini nyingi kwa mara moja ili sukari hiyo iondoke kwenye damu iingie katika misuli na viungo vingine. Ikiwa hivi kila siku, miaka na miaka, na mtu amenenepa, mwili huanza kuizoea insulini na kuidharau. Kongosho huchoka. Sukari hubaki katika damu. Hicho ndicho kisukari cha ukubwani.

Maharage, dona, ulezi na mboga ni gogo. Nyuzinyuzi huchelewesha sukari, tumbo hushiba mapema, na njaa hairudi upesi. Baadhi ya nyuzinyuzi pia hupunguza mafuta ya lehemu katika damu, yale yanayoganda ndani ya mishipa ya moyo kama ukoko katika sufuria.

Na kuna jambo jingine, ambalo hata sisi lilitushangaza tulipolisoma. Katika utumbo mpana wanaishi vijidudu wengi mno, wasioonekana kwa macho. Tulizoea kufundisha kwamba kijidudu ni adui. Hawa wengi wao ni wapangaji wema. Chakula chao ni hizo nyuzinyuzi tulizoshindwa kuzisaga. Wakizila hutoa vitu vinavyolisha ngozi ya ndani ya utumbo na kuutuliza mwili usiwe na uvimbe wa ndani. Tusipowalisha, kazi hiyo haifanyiki.

Waliochunguza hapa hapa kwetu

Mwezi wa Aprili mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro na wataalamu wa Moshi, KCMC, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Waliwachukua wanaume vijana 77 wenye afya. Baadhi walikuwa wa vijijini waliozoea chakula cha asili: mboga, matunda, maharage na jamii yake, nafaka zisizokobolewa, na vyakula vilivyochachushwa. Hao wakapewa chakula cha mtindo wa kizungu, cha viwandani na cha kukaangwa, kwa wiki mbili. Wengine walikuwa wa mjini waliozoea chakula hicho cha kisasa. Wakapewa cha asili kwa wiki mbili. Wengine wa mjini walikunywa mbege kwa wiki moja. Wachache waliachwa waendelee kula kama kawaida, ili pawe na kitu cha kulinganishia.

Damu yao ikapimwa kabla na baada. Wale wa kijijini walioingia katika chakula cha kisasa, ndani ya wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani, ule unaokwenda pamoja na magonjwa ya moyo na kisukari, na askari wa mwili walipambana na vijidudu kwa nguvu pungufu. Wale wa mjini waliorudi katika chakula cha babu, dalili hizo kwa sehemu kubwa zilipungua, na hali kadhalika kwa waliokunywa mbege. Mabadiliko mengine yalikuwa bado yapo hata baada ya wiki nne.

Hapa tunaomba jamani, mtu asisikie neno mbege akakimbilia kilabuni akasema mwalimu ameruhusu. Kinachosifiwa ni ndizi na ulezi vilivyochachushwa. Pombe iliyomo ina madhara yake tunayoyafahamu sote, na presha ni mojawapo. Togwa isiyolevya na maziwa mgando vipo.

Tena tuwe wakweli. Watu 77 ni wachache, wote wanaume, na wiki mbili si miaka. Uchunguzi huu haukuonyesha kwamba fulani alipata kisukari na fulani akapona. Ulionyesha mwili unaanza kuelekea wapi. Lakini hauko peke yake. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Wamarekani wakala maharage na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Wa Afrika Kusini wakala nyama na mafuta kwa wingi kama Wamarekani. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana, mahali inapoanzia saratani ya utumbo, ilibadilika kwa wote: wa Marekani ikatulia, wa Afrika Kusini ikawaka.

Na habari yenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1956 Dk. Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, aliandika juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kama jambo geni la kustahili kuandikwa! Yeye na mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, baadaye waliwaambia wenzao Ulaya kwamba watu wa vijijini huku wanakula nyuzinyuzi nyingi na wana magonjwa machache ya moyo na ya utumbo. Wazungu wakaanza kutafuta pumba. Sisi nasi tukaanza kutafuta mkate mweupe.

Si kila kitokacho shambani ni dawa

Kijana mmoja darasani, mwenye maneno mengi, alisema: "Mwalimu, soda inatokana na miwa, na miwa ni mmea. Chipsi ni viazi. Basi mimi nakula mimea kutwa." Watu wakacheka, lakini hoja yake ni nzuri na inataka jibu. Sigara nayo inatokana na mmea!

Tunaposema mimea tunasema ile iliyo karibu na jinsi ilivyotoka shambani: mchicha, mnafu, matembele, kisamvu, majani ya maboga na ya kunde, maharage, kunde, mbaazi, choroko, njegere, dona, ulezi, mtama, ndizi za kupika, magimbi, viazi vitamu, mapapai, maembe, mapera, maparachichi, ubuyu, karanga na ufuta. Kadiri kiwanda kinavyokichukua, kukivua ganda, kukitia sukari, chumvi na mafuta, ndivyo kinavyotoka katika orodha hii.

Tufanye hesabu kidogo. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya kama vijiko 8 vya chai. Kijiko kimoja ni kama gramu 4. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri mtu mzima asizidishe kama vijiko 12 vya sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikipungua zaidi ni bora zaidi. Sasa yule dereva wetu: vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 4, ni vijiko 12. Amekwisha kufika mpakani. Akinywa soda moja ni 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni vijiko 600, yaani gramu 2,400. Kilo mbili na nusu kasoro kidogo, mtu mmoja! Mama yule alipomaliza hesabu hiyo kwenye daftari lake aliifunika kwa mkono.

Chumvi nayo haitakiwi kuzidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate na vidonge vya kiungo cha mchuzi. Tusiache chumvi yenye madini joto, tuipunguze tu. Ndizi, maharage na mboga za majani zina madini ya potasiamu, ambayo husaidia kushusha presha. Ila mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, maana kwake madini hayo yakizidi ni hatari.

Tulivyobishana

Somo lisilo na ubishi halijaingia. Baba mmoja alisema mboga ni chakula cha siku za shida. "Mgeni akija nikampa mnafu, atasema nimemdharau." Hapo ndipo penye kisiki. Mkate mweupe, soda na wali wa mafuta si chakula tu, ni heshima. Sisi maofisa tumechangia, maana tukifika kijijini na kuletewa kreti la soda tunalipokea kwa mikono miwili. Darasa lile liliamua kwamba wageni wake, tukiwemo sisi, watapewa ndizi mbivu na togwa. Tumekwisha kupewa. Siku ya kwanza, tuseme kweli, macho yetu yalitafuta soda.

Mzee mfugaji naye akasema babu zake walikula nyama na maziwa, wala hawakujua presha. Tulimjibu kwamba babu alipanda mlima kwa miguu, na nyama ilikuwa ya siku ya kuchinja, si ya kila jioni. Alitikisa kichwa. Hakukubali yote, na si lazima akubali yote.

Mama mmoja akanong'ona lakini wote tulisikia: "Wangu akiona mboga siku mbili mfululizo anauliza tumekosana nini." Kinababa mliomo darasani, swali hili ni lenu.

Jikoni

Mtu mzima anashauriwa kula si chini ya gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hatuna mizani jikoni, basi tumia kiganja. Kiganja kimoja kilichojaa ni kama gramu 80, hivyo viganja vitano kwa siku. Kwa mfano, papai kiganja kimoja asubuhi, mchicha viganja viwili mchana, na mnafu viganja viwili usiku. Viazi na ndizi za kupika hatuvihesabu humo. Hivyo ni vya wanga.

Osha mboga kabla ya kuikata. Usiiloweke, usiichemshe mpaka ibadilike rangi, na ule maji yake usiyamwage. Magadi hulainisha upesi, lakini huua vitamini, afadhali uyaache. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, ndipo uyapike. Huiva upesi na gesi hupungua. Kuni ni tatizo, tunajua. Kikundi kimoja cha kinamama hupika maharage mengi mara moja kwa nyumba mbili au tatu kwa zamu, na kuni zinatosha.

Wakati wa kiangazi mboga hupotea tambarare. Wenye kihamba mlimani wana bahati. Mgomba hauendi likizo. Walio chini wajaze gunia udongo na samadi, watoboe pembeni, wapande mchicha na sukuma, na kumwagilia maji yaliyooshea mboga. Kunde na mnafu hukaushwa kivulini penye upepo, si juani.

Kuhusu dona kuna onyo ambalo hatuwezi kuliruka. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu inayoitwa sumukuvu, na haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu yake. Sumu hiyo hukaa zaidi upande wa ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa dona ni mabaya kuliko sembe. Kausha juu ya turubai, wala si juu ya udongo, hifadhi mahali pakavu, chagua punje zenye ukungu na zilizovunjika uzitupe. Wala usiwape mifugo, maana nao hudhurika.

Tena hatujasema dagaa, mayai na maziwa viondoke. Mtoto mdogo na mama mjamzito wanavihitaji sana. Kuna vitamini, iitwayo B12, ambayo mimea haina. Tunachosema ni kwamba mboga na maharage vichukue sehemu kubwa ya sahani, na nyama iwe kitoweo kama jina lake lilivyo.

La mwisho katika hili, nalo ni zito. Mwenye dawa za presha au sindano za insulini asiziache kwa sababu amesoma somo letu. Chakula husaidia dawa, hakiifukuzi. Kuna watu hupita minadani wakiuza unga wa majani na kusema unaponya kisukari. Mpeleke kwa mganga wa zahanati akausemee mbele yake. Wewe mwenyewe ukibadili chakula na huku unatumia dawa za sukari, mwambie mganga, kwa maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Mama yule sasa

Amerudi kukaa mbele. Mumewe anatembea kwa magongo na ameanza kumwagilia magunia ya mchicha kwa kikombe, akiwa amekaa kwenye kigoda. Kuhusu dona alinung'unika miezi miwili. Alisema ni chakula cha gerezani. Mama akachanganya nusu kwa nusu, kisha robo tatu, asimwambie. Chai ni kijiko kimoja. Sukari yake hupimwa zahanati kila mwezi na mama huandika namba katika daftari lile lile la hesabu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Miezi mingine namba hushuka, miezi mingine hupanda. Mwezi uliopita ilipanda, akatuonyesha, akasema, "Alikwenda harusini." Mtoto wao wa kiume, naye dereva, ana miaka 34. Mama anataka aje kupimwa. Mpaka tunaandika somo hili alikuwa bado hajaja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mashineni kwenu, debe moja la mahindi hulipiwa shilingi ngapi kukobolewa na shilingi ngapi kusagwa? Kwa mwaka nyumba yako hulipa kiasi gani kwa kukoboa peke yake?

2. Andika vyakula vyote ulivyokula jana. Viganja vya mboga na matunda vilikuwa vingapi?

3. Nyumba yenu hutumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Gawanya kwa idadi ya watu, kisha kwa siku 30. Kila mtu hupata vijiko vingapi kwa siku?

4. Nani katika kikundi chenu hajawahi kupimwa presha? Pangeni siku ya kwenda zahanati pamoja.

Maneno ya kukumbuka

Dona: unga wa mahindi yasiyokobolewa.
Kongosho: kiungo cha ndani kinachotoa insulini.
Lehemu: aina ya mafuta yaliyomo katika damu.
Nyuzinyuzi: sehemu ya mmea ambayo tumbo haliisagi.
Sumukuvu: sumu ya ukungu katika nafaka na karanga.